Namna ya Kuupanga Mwaka wa Uandishi, Kuanzia Daftari la Mwaka Uliopita

Desemba inapokaribia kwisha, watu wanaoandika huziahidi nafsi zao mambo makubwa: kumaliza riwaya iliyolala kwa miaka mitatu, kutunga shairi kila wiki, kuamka alfajiri na kukaa na kalamu kabla nyumba haijaamka. Ahadi hizo hutolewa kwa moyo mweupe, na nyingi huwa zimesahauliwa kabla ya Machi kwa sababu ziliandikwa kama matamanio: hazina siku, hazina saa, hazina kiasi, na baadhi yake zinangoja uamuzi wa mtu mwingine. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuyageuza matamanio hayo kuwa ratiba ambayo mtu anaweza kuifuata. Nimemkusudia hasa mtu anayeandika huku ana kazi nyingine, familia au masomo, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya waandishi walio wengi. Kinachohitajika ni daftari, kalenda na jioni mbili zisizo na haraka.

Hatua ya kwanza: usome mwaka uliopita kabla ya kuandika ujao

Chukua karatasi moja, uiandike miezi kumi na miwili upande wa kushoto, kisha mbele ya kila mwezi uorodheshe ulichoandika, ulichokamilisha, ulichotuma mahali na ulichokiacha njiani. Usitegemee kumbukumbu peke yake, maana kumbukumbu huongeza mahali tulipojivunia na kupunguza mahali tulipoona haya. Fungua mafaili kwenye kompyuta uangalie tarehe zilizohifadhiwa, pekua madaftari, soma barua pepe ulizotuma kwa wahariri. Kazi hii huchukua saa moja au mbili, na hakuna hatua nyingine yenye faida kubwa kuliko hii.

Nilipoifanya kwa mara ya kwanza nilikuwa nimejiaminisha kwamba mwaka mzima niliandika kidogo kidogo bila kukoma. Karatasi ilisema jambo jingine. Aprili pekee ilikuwa na maneno 11,000, ilhali Julai, Agosti na Septemba zilikuwa tupu kabisa, na mbele ya Oktoba kulikuwa na mwanzo wa hadithi mbili zisizozidi ukurasa mmoja kila moja. Nilikaa nikiitazama ile Aprili kwa muda mrefu. Nilikuwa na nini mwezi ule ambacho sikuwa nacho Julai? Sikuwa na likizo, wala sikuwa na msukumo wa pekee. Nilikuwa naandika asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kufikia Julai nilikuwa nimeusogeza uandishi usiku, baada ya shughuli zote, wakati ambapo akili yangu haiwezi tena kushika sentensi ndefu. Uamuzi wangu wa mwaka uliofuata ulitoka kwenye mistari ile miwili, na haukuhitaji ahadi yoyote ya kujitahidi zaidi.

Kwa hiyo, ukishamaliza kuorodhesha, jiulize maswali matatu na uandike majibu yake: ni mwezi gani uliandika zaidi, na siku zako zilikuwa zimepangwaje mwezi huo, ni kazi gani uliiacha, na uliiacha kwenye ukurasa wa ngapi, na ukigawanya maneno yote uliyoandika kwa wiki 52, unapata maneno mangapi kwa wiki. Jibu la swali la mwisho ndilo mwendo wako halisi. Mtu ambaye mwendo wake ni maneno 500 kwa wiki anaweza kujiwekea 1,000, lakini akijiwekea 7,000 atakuwa anampangia mwandishi mwingine.

Hatua ya pili: chagua kazi moja kuu

Mshika mawili moja humponyoka, na waandishi hupenda kushika matano. Riwaya, diwani ya mashairi, tafsiri, kumbukumbu za babu na insha za kila mwezi haziwezi zote kuwa kazi kuu ya mwaka mmoja. Chagua moja, uitaje kwa namna inayoonyesha itakapokuwa imekwisha. "Kuandika zaidi" si lengo, kwa kuwa hakuna siku utakayoamka na kusema limetimia. "Rasimu ya kwanza ya riwaya, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya maneno kama 60,000" ni lengo. "Mashairi 30 yaliyokamilika, kila moja likiwa limesomwa kwa sauti na kurekebishwa angalau mara mbili" pia ni lengo.

Pamoja na kazi kuu unaweza kuwa na kazi ndogo moja ya kupumzishia akili, kwa mfano shajara au hadithi fupi. Zilizobaki ziandikie ukurasa wake nyuma ya daftari, pamoja na sentensi moja ya kukumbusha wazo la kila moja. Zikiwa pale hazitapotea, wala hazitakuita katikati ya Mei pale kazi kuu itakapokuwa imefika sehemu ngumu, na kila kazi ndefu hufika huko, kwa kawaida pale mwanzo umekwisha na mwisho bado hauonekani.

Hatua ya tatu: tenga kilicho mkononi mwako na kilicho mkononi mwa wengine

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu nimeona waandishi wenye kipaji wakiacha kuandika baada ya mwaka ambao, ukiutazama kwa haki, ulikuwa mwaka mzuri. Walikuwa wamejiwekea lengo la "kuchapishwa" au "kushinda tuzo". Kuchapishwa huamuliwa na mhariri ambaye ana nafasi chache, ladha yake, bajeti ya mwajiri wake na miswada mingine mezani. Tuzo huamuliwa na majaji. Unaweza kufanya kila kitu vizuri na usichaguliwe, na kama lengo lilikuwa kuchaguliwa, basi daftari lako litasema umeshindwa hata kama uliandika kurasa bora kuliko zote za maisha yako.

Dawa yake ni kuligeuza kila lengo la namna hiyo liwe tendo unaloweza kulifanya mwenyewe. Badala ya kuchapishwa hadithi mbili, andika kwamba utakamilisha hadithi nne na kila moja utaituma mahali patatu. Hiyo inafanya mara 12 za kutuma kwa mwaka, yaani mara moja kila mwezi. Badala ya kumpata mchapishaji, andika kwamba kufikia mwisho wa Juni utakuwa umesoma masharti ya wachapishaji watano, umeandika muhtasari wa ukurasa mmoja na umetayarisha sura tatu za kwanza kwa mpangilio wanaoutaka. Tamaa ya kuchapishwa si kosa, na hakuna haja ya kuificha. Ninachosema ni kwamba mahali pake ni moyoni, ilhali kwenye kalenda huwekwa matendo.

Hatua ya nne: piga hesabu

Tuchukue ile riwaya ya maneno 60,000. Ukiandika maneno 400 kwa siku, siku tano kwa wiki, unapata maneno 2,000 kwa wiki, na rasimu ya kwanza inakamilika baada ya wiki 30. Kisha mswada unapaswa kulala bila kuguswa kwa wiki 4, ili utakapourudia uusome kama msomaji. Kuhariri huhesabiwa kwa kurasa: kwa maneno 250 kwa ukurasa, riwaya hiyo ina kurasa 240, na ukihariri kurasa 4 kwa siku, siku tano kwa wiki, unamaliza raundi moja kwa wiki 12. Jumla ni wiki 46. Zinabaki wiki 6 za maradhi, misiba, safari, mitihani ya watoto na mambo yote ambayo hayana tarehe lakini huja kila mwaka. Mpango usio na wiki hizo za akiba umeshaharibika kabla ya kuanza.

Hesabu ya maneno ina jambo moja linalomhusu mtu anayeandika kwa Kiswahili. Viwango vingi vinavyotajwa na waandishi, kama vile maneno 1,000 au 2,000 kwa siku, vimetoka kwa wanaoandika kwa Kiingereza. Neno letu moja kama "hawatakuandikia" limebeba mtendaji, wakati, ukanushi, mtendewa na kauli ya kutendea, na kwa Kiingereza maana hiyo huchukua maneno sita. Si kila neno liko hivyo, na viunganishi vyetu vya "ya" na "wa" hurudisha sehemu ya hesabu, lakini usijilaumu ukiona kiwango cha wengine kinakuchosha. Pima maneno yako mwenyewe: andika kwa nusu saa katika siku tatu za kawaida, uhesabu, uchukue wastani, na kiwango cha mwaka kitoke hapo.

Anayetunga mashairi ahesabu kwa beti au kwa vikao, kwa maana ubeti mmoja wa vina na mizani unaweza kula jioni nzima na ukawa umestahili. Mtafiti na mwandishi wa tawasifu wahesabu saa, kwa kuwa siku ya kupekua nyaraka haitoi maneno lakini ni siku ya kazi.

Hatua ya tano: ipe kazi saa yake na mahali pake

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza tofauti kati ya kukusudia jambo na kupanga ni lini, wapi na vipi litatendeka. Mpango wa namna ya pili huunganisha tendo na hali fulani: hali ikitokea, tendo linafuata bila mjadala mpya. Kiswahili kina kiambishi kinachofanya kazi hii kwa urahisi wa ajabu, nacho ni "-ki-". Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari sentensi moja inayoanza nacho: "Nikimaliza kupiga mswaki asubuhi, nitakaa kwenye kiti cha dirishani na kuandika kwa dakika 30." Sentensi hiyo ina ishara, mahali, tendo na muda. Linganisha na "nitajitahidi kuandika asubuhi", ambayo kila siku inakulazimisha uamue upya, na uamuzi wa saa kumi na moja alfajiri mara nyingi huwa ni wa kurudi kulala.

Chagua ishara ambayo hutokea kila siku bila wewe kuipanga. Mahali pasipohitaji kutayarishwa ni bora kuliko mahali pazuri. Simu ikae chumba kingine, na kama ndiyo unayoandikia, zima intaneti kabla ya kufungua maandishi. Waambie unaoishi nao saa yenyewe ni ipi na itakwisha lini, maana watu huheshimu zaidi nusu saa inayojulikana mwisho wake kuliko ombi la "niacheni kidogo".

Usitarajie tabia hii ishike ndani ya wiki tatu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia ndogo za kila siku zinazohusu kula, kunywa na mazoezi, na kwa waliofanikiwa tabia ilifikia kilele cha kufanyika bila kufikiri baada ya siku 66 kwa wastani, huku tofauti kati ya watu zikianzia siku 18 hadi 254. Kuandika ni tendo zito kuliko kunywa glasi ya maji, kwa hiyo ni busara kuihesabu robo yote ya kwanza ya mwaka kama muda wa kujenga mazoea. Watafiti hao waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana, na jambo hilo nitalirudia hivi punde.

Hatua ya sita: fungua daftari la hesabu

Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya mwandishi ni siku zake. Daftari hili ni tofauti na lile la kazi yenyewe. Chora safu nne: tarehe, muda ulioanza na kumaliza, idadi ya maneno au kurasa, na nafasi ya sentensi moja. Ukurasa wangu mmoja una mistari kama hii: "Tarehe 12, saa 11:40 hadi 12:15, maneno 310. Mazungumzo ya ndugu wawili yanakwenda, lakini sijui kwa nini mdogo ameudhika." Chini yake: "Tarehe 13, saa 11:45 hadi 12:10, maneno 90. Ameudhika kwa sababu hakuambiwa kuhusu shamba. Rudi sura ya pili." Siku ya pili ina maneno 90 tu, na ndiyo iliyoiokoa sura. Bila safu ile ya nne ningeihesabu kuwa siku mbovu.

Mwandishi wa riwaya Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta kwa zaidi ya miaka 30, alieleza katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1883 kwamba alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kwa kila kitabu alitayarisha shajara iliyogawanywa kwa wiki, akaingiza idadi ya kurasa kila siku, ili siku ya uvivu ibaki pale ikimkodolea macho na kumdai aongeze bidii. Kuhusu shajara nakubaliana naye kabisa. Kuhusu kudaiwa sikubaliani naye, angalau kwa mwandishi ambaye bado anajenga mazoea.

Hatua ya saba: panga siku za kukosa kabla hazijafika

Utakosa. Mtoto ataugua, kazi itazidi, au utakaa mezani na neno lisije. Mwandishi aliyeahidi maneno 400 kila siku na akakosa siku tatu huona deni la maneno 1,200, siku ya nne analiogopa, na kufikia siku ya kumi deni limekuwa mlima ambao hakuna mtu mwenye nusu saa anayeweza kuupanda. Nimewaona wengi wakianguka hapa, nami nimeanguka hapa zaidi ya mara moja.

Weka sheria mbili. Ya kwanza ni kwamba deni halibebwi: siku iliyokosekana imekwenda, kesho yake kiwango ni kilekile cha 400, na upungufu unachukuliwa kwenye zile wiki 6 za akiba. Ya pili ni kuwa na kiwango cha chini kabisa cha siku ngumu, kwa mfano dakika 10 au sentensi tatu, ambacho unaweza kukitimiza hata ukiwa hospitalini unamsubiri mgonjwa. Kiwango hicho hakimalizi kitabu, lakini kinakuweka karibu na hadithi, na kesho yake hutahitaji kuanza kwa kusoma upya kurasa ishirini ili ukumbuke ulikuwa wapi. Siku usipoweza hata hicho, andika tarehe na sababu kwenye daftari la hesabu. Baada ya miezi mitatu sababu hizo huonyesha mkondo, na ikiwa mara nyingi sababu ni Jumatatu, iondoe Jumatatu kwenye ratiba.

Hatua ya nane: kusoma na kutuma

Lengo la kusoma lisiwe la idadi kubwa ya vitabu, kwa kuwa idadi humfanya mtu achague vitabu vyembamba. Chagua vinne au vitano vya aina unayoiandika, uvisome polepole ukiwa na penseli, na kwa kila kimoja unakili kwa mkono ukurasa mmoja uliokushangaza. Mkono hugundua urefu wa sentensi na mahali pa vituo ambapo jicho hupita.

Kuhusu kutuma, tengeneza jedwali lenye jina la kazi, ulikoituma, tarehe, na tarehe ya jibu. Jibu la kukataliwa likija, kazi hiyohiyo iende mahali pengine ndani ya wiki moja, isipokuwa kama maelezo ya mhariri yamekuonyesha kasoro unayoiona kwa macho yako mwenyewe. Soma masharti ya kila mahali kabla ya kutuma, kwa maana baadhi hawaruhusu kazi moja kutumwa kwingine kwa wakati mmoja.

Hatua ya tisa: kaa na daftari kila robo mwaka

Weka kwenye kalenda jioni tatu sasa hivi: mwisho wa Machi, wa Juni na wa Septemba. Katika kila jioni, soma daftari la hesabu tangu mwanzo wa robo, linganisha na mpango, kisha uamue jambo moja tu la kubadilisha. Unaruhusiwa kupunguza kiwango, kusogeza tarehe, hata kubadilisha kazi kuu. Swali gumu ni kujua kama unabadilisha kwa busara au unakimbia. Kipimo ninachokitumia ni hiki: uamuzi wa kuacha kazi usifanywe ndani ya wiki ambayo kazi imekwama. Rudi kwanza ukaandike sehemu yoyote nyepesi ya kazi hiyo kwa siku tano, na ukimaliza bado ukiona haina uhai, iache ukiwa na amani, ukiandika kwenye daftari umejifunza nini.

Hatua ya kumi: jioni ya tarehe 31 Desemba

Usianze mwaka kwa kurasa nyeupe. Jioni hiyo, fungua daftari la kazi, andika juu ya ukurasa tarehe ya kikao cha kwanza, ambayo si lazima iwe tarehe 1 ikiwa nyumba itakuwa na wageni. Chini yake andika sentensi moja ya tukio litakalofuata katika kazi yako, kwa mfano: "Mama anafungua barua na kugundua kuwa haikuandikwa kwa ajili yake." Usiiendeleze, hata kama mkono unawasha. Weka kalamu katikati ya ukurasa huo, ufunge daftari, uliache kwenye kiti utakachokalia.